Maji yalizidi baada ya kalafati: kisa cha jahazi moja la Unguja

Kisa hiki kilitokea Unguja. Jina la jahazi, bandari linakolala, wenyewe na mafundi nimeyaondoa. Vipimo vya maji ni vile vilivyoandikwa kwenye daftari la chombo, na ndoo inayotajwa kote humu ni ya lita 10. Mimi ni mtu wa mashini na umeme wa vyombo. Kalafati, yaani kuziba mishono ya mbao za chombo kwa pamba, nimeiona tangu utoto, lakini si fundi wake, na jambo hilo lilileta maneno kama itakavyoonekana.

## Chombo

Jahazi lina urefu wa futi 42 na umri unaokaribia miaka 35. Ujana wake wote lilibeba mchanga, mawe na boriti za mikoko. Mbao za ubavuni nyingi ni mbambakofi. Mataruma, yaani mbavu za ndani, ni mchanganyiko: mengine mtondoo, mengine mwembe, mengine mfenesi, kwa kuwa kila lilipopandishwa pwani fundi alitumia mti uliopatikana. Misumari ni ya chuma kilichopakwa zinki, na hakuna aliyejua ni ipi ya mwanzo na ipi iliongezwa baadaye.

Washirika watatu walilinunua wakaligeuza chombo cha kutembeza wageni. Walitandika sitaha, wakaweka choo na tangi la maji ya kunywa, wakafunga mashini ya dizeli ya silinda 3 kwa siku ambazo upepo unakataa. Ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika, walitia pampu ya umeme yenye swichi ya kuelea: maji yakifika kiwango fulani pampu inawaka, yakishuka inazima. Nahodha alikuja pamoja na chombo. Alikuwa amekiendesha miaka kumi na ushei chini ya mwenyewe wa zamani, na zamani hizo, alisema, asubuhi mtoto alikumba ndoo tano sita na kazi ikaisha.

## Usiku wa betri

Ilikuwa Mei, masika hayajakatika. Jahazi limetia nanga, baharia mmoja amelala ndani. Alipoteremsha miguu alfajiri alikanyaga maji, mbao za chini zinaelea, na mkoba wake umekwenda upande wa tezi, yaani nyuma. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo na pampu ilikuwa imekufa. Walikumba kwa ndoo mpaka jua likawa juu.

Wenyewe walinunua betri mpya siku ileile. Uamuzi huo naueleza kwa sababu ulikuwa na mantiki yake: betri ndiyo iliyokufa, basi betri ndiyo mbovu. Kumbe betri iliuawa na pampu, na pampu iliuawa na kazi. Ilikuwa ikiwaka usiku na mchana kwa miezi kadhaa, na kwa kuwa ilikuwa ikijiwasha yenyewe, hakuna aliyehesabu. Zamani za ndoo, maji yakizidi mkono wa mtoto unasema. Swichi ya kuelea haisemi kitu.

Betri mpya nayo ilipoanza kulegea baada ya wiki mbili, ndipo wakakubali kwamba chombo kinavuja.

## Kalafati ya kwanza

Waliitwa mafundi wawili, mkubwa wao mzee anayeheshimika pwani nzima. Jahazi lilipweleshwa nchi kavu katika bamvua (siku za maji makubwa) ya mwanzo wa Juni, likawekewa gadi za kulishikilia pande zote mbili, na kazi ikapigwa siku nne. Pamba ya zamani ilitolewa katika mishono yote ya chini, ikatiwa mpya iliyochovywa kwenye sifa (mafuta ya samaki), ikashindiliwa kwa chembeu (patasi ya kalafati) na nyundo ya mti mpaka nyundo ikalia kavu. Juu yake ikapakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Kazi ilikuwa safi. Nimeiona mwenyewe baadaye, na hakuna mshono ulioachwa wazi.

Maji yalipungua kwa wiki moja. Kisha yakarudi, na mwisho wa mwezi yakawa mengi kuliko Mei. Hesabu ya kazi ile ilikuwa imekula thuluthi nzima ya fedha za matengenezo ya mwaka.

Hapo wenyewe wakagawanyika. Mmoja alisema fundi amezeeka. Wa pili alitaka chombo kipandishwe na kivikwe faiba nje kote, maana kuna mtu mjini alimwambia kwamba ukishavika faiba husikii tena neno kalafati. Wa tatu alinipigia mimi simu, kwa sababu alishuku maji yanatoka kwenye shafti, chuma kirefu kinachotoka kwenye mashini kwenda kwenye rafadha.

## Kupima kabla ya kugusa

Nilipofika, kila mtu chomboni alikuwa na sehemu yake ya kuonyesha: hapa panalowa, pale panatiririka. Nahodha akacheka, akasema, "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Methali hii watu huitumia kwa mambo ya dunia, lakini kwa chombo ni maelezo ya kweli kabisa. Tone linaloingia omo, yaani mbele, hufuata taruma, huteremka nyuma ya mbao za ndani, hukutana na maji mengine, na wewe unaliona kwanza chini ya mashini. Palipolowa panakuonyesha palipo chini tu.

Nikaomba jambo moja lililowachosha wote: tuzime pampu na tukumbe kwa mkono kwa siku nne, tukiandika. Daftari lilikabidhiwa baharia aliyelowa mkoba, kwa kuwa ndiye mwenye hamu ya kujua kuliko wote.

Nangani usiku, kwa muda wa saa 8 bila mvua na bila mashini, ziliingia ndoo 9. Chini ya tanga, upepo wa kusi wa kutosha na chombo kimelala, ziliingia ndoo 11 kwa saa moja tu. Mashini tuliipima kwa namna mbili. Kwanza tukienda nayo: ndoo 6 kwa saa. Kisha chombo kikiwa kimefungwa kwa kamba, gia imeingizwa, rafadha inazunguka lakini hatuendi popote: ndoo 5. Tofauti hiyo ndogo ilikuwa na maana. Mawimbi na mwendo havikuwa na mchango mkubwa. Maji yale yaliletwa na kuzunguka kwa shafti.

Usiku wa nne ilinyesha, ikawa ndoo 14 badala ya 9. Tukavizia chini ya sitaha na tochi, tukakinga matone kwa vikombe na kuyaonja. Maji ya ngama hayaonjwi, yana dizeli na mengine nisiyotaka kuyataja, lakini tone linalodondoka kutoka juu unaweza kulitia ulimini: yalikuwa maji baridi, hayana chumvi hata kidogo.

Kwa hiyo hatukuwa na uvujaji mmoja. Tulikuwa na mitatu, labda minne, na kila mmoja una saa yake ya kuonekana. Ndiyo maana kila mtu alikuwa na hakika na sehemu yake, na kila mtu alikuwa na haki kidogo.

## Shafti

Hili ndilo langu na lilikuwa jepesi. Nati ya glandi, kizibo cha pale shafti inapotoka nje ya chombo, ilikuwa imekazwa mpaka mwisho wa nyuzi zake. Kila ilipovuja, mtu alikaza tena. Pakingi ya ndani, kamba inayoizunguka shafti kuzuia maji, ilikuwa imekauka na kuwa kama kamba ya mkaa, na shafti imechimbwa kijifereji pale inapokaa. Glandi ya namna hii si ya kukazwa mpaka ikauke. Mashini ikiwa inazunguka inatakiwa itoe matone machache kwa dakika, maana maji hayo ndiyo yanayoipoza.

Nilitia pete nne mpya za pakingi, kila moja imekatwa mshazari na maungio yamepishanishwa, nikaisogeza shafti kidogo ili pakingi ikae mahali pasipochimbika. Lakini nilitaka pia kujua kwa nini ilichimbika. Miguu ya mashini ilikuwa imezama kwenye mti wa chini, na nyuso mbili za kapilingi, maungio ya mashini na shafti, zikawa na pengo la milimita 1 upande wa juu. Shafti ilikuwa ikizunguka huku inapigapiga glandi. Kuipanga upya tulisubiri chombo kielee, kwa sababu jahazi lililokaa juu ya mchanga si umbo lilelile la jahazi lililo majini, na kipimo cha nchi kavu kitakudanganya. Tuliishia chini ya milimita 0.1.

## Rangi ya mikeka

Uvujaji wa tanga ndio uliotushinda kuuona. Chombo kikilala, hakuna anayeweza kukaa ngamani na kutazama, na kikisimama unanyamaza.

Nikapendekeza tugeuze kazi: badala ya kutafuta maji yanapoingia, tuyatie ndani tuone yanapotokea. Mzee fundi alikuwa amekuja siku hiyo kusikiliza anachosingiziwa. Nilimwamkia, nikamwambia, "Ami, tujaribu kitu kimoja kabla ya pamba nyingine."

"Wewe wa mashini," alijibu. "Hii haina spana."

Lakini alibaki. Bamvua iliyofuata tukakipwelesha chombo. Kwetu maji ya bamvua hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni, kwa hiyo ukiwa mwepesi una saa nne au tano za kufanya kazi chini ya mbao, na nyingine kama hizo usiku kwa taa. Tulisubiri ubavu ukauke, tukaupangusa kwa matambara. Kisha tukamwaga ngamani ndoo 15 za maji ya bahari yaliyokorogwa na rangi ya mikeka, ile ya unga wanayotia kina mama kwenye ukili. Tulichagua zambarau, kwa sababu deheni ni nyeupe. Hatukutia maji zaidi ya hapo. Maji ndani ya chombo kilicho nchi kavu yanasukuma mbao nje bila ya kitu cha kuzirudisha, na chombo cha umri huu unaweza kukifungua mwenyewe.

Tulikaa chini, kila mtu na mshono wake. Dakika kumi, hakuna kitu. Kisha upande wa kushoto, karibu na palipokaa mlingoti, kwenye ubao wa tatu kutoka mkukuni, yaani mti mkuu wa chini, kikatokea kidoa cha zambarau cha ukubwa wa punje ya mtama. Kikakua, kikawa tone, likateremka. Halikutoka kwenye mshono. Lilitoka kwenye kichwa cha msumari. Shubiri moja mbele yake kikatokea cha pili, nacho kwenye msumari, kisha safu nzima, kama mtu anatia nukta kwa kalamu.

Mzee alipiga magoti, akachukua mtaimbo mdogo, akausukuma ubao kwa ncha yake. Ubao uliingia ndani na ukarudi. Akausukuma tena.

"Kumbe haukushikwa na kitu," alisema. Kisha akakaa kimya muda mrefu.

Alipoung'oa msumari mmoja ulikuja kwa vidole. Kichwa kizima, lakini shingo yake imeliwa imebaki nyembamba kama sindano, na mti unaouzunguka umekuwa mweusi na laini. Kutu ya chuma na maji ya mti mgumu hufanya hivyo: msumari unakufa na unauua mti ulioushika.

## Kwa nini kalafati iliongeza maji

Hapa ndipo kisa chote kilipo, na maelezo haya ni ya mzee, si yangu.

Pamba inaposhindiliwa baina ya mbao mbili ni kabari. Ikilowa inavimba na kusukuma pande zote. Mbao zikiwa zimeshikwa vizuri na mataruma, hazina pa kwenda, na nguvu ile inakuwa ya kuziba. Mbao zikiwa zimeachiwa, nguvu ileile inazitenga na mataruma. Mshono uliotiwa pamba unaziba kweli, lakini ubao umeinuka, na maji yanapita kwenye tundu la msumari. Tanga likivuta, mlingoti unakanyaga mkuku na chombo kinajipinda, na mbao zinacheza kama vidole. Wiki moja ya ukavu baada ya kazi ya Juni ilikuwa ni muda wa pamba kuvimba. Baada ya hapo kila kilichovimba kilikuwa kinafungua.

Nilimuuliza kwa nini hakuzipiga mbao kusikiliza mwezi Juni. Alisema aliitwa kutia kalafati, naye akatia kalafati. Wenyewe hawakumuuliza kitu kingine, naye hakusema, kwa kuwa chombo kina nahodha. Sikumlaumu wakati ule na sasa pia namlaumu nusu tu.

## Njia zilizokuwapo

Faiba ilikuwa bado mezani, na mshirika aliyeipenda alikuwa na sauti kubwa. Tuliikataa kwa sababu mbili. Mbao za jahazi zinavimba na kunywea, ganda la faiba halifanyi hivyo, na gundi kwenye mti uliolowa sifa miaka 35 haishiki kitu. Litabanduka, na maji yatakaa baina ya ganda na mti mahali ambapo huwezi kuona wala kufikia. Sababu ya pili ni kwamba misumari ingebaki imekufa vilevile. Ungekuwa umelivisha kanzu jahazi lisilo na mbavu.

Kubadilisha ubavu mzima kulizidi uwezo wa fedha. Ikabaki kazi ya sehemu: urefu wa futi 11 kuzunguka mlingoti, pande zote mbili, mbao tano kwenda juu. Mbao mbili zilizooza zitolewe. Mataruma manne yaliyolainika yapewe pacha pembeni, kwa kuwa kuyang'oa kungelegeza mengine. Na misumari yote ipigwe upya katikati ya ile ya zamani, sio ndani ya matundu yaleyale.

Kazi ilichukua bamvua mbili. Kila tundu lilitobolewa kwa keke kwanza, likiwa jembamba kuliko msumari. Kila msumari ulizungushiwa pamba iliyolowa sifa chini ya kichwa kabla ya kupigwa, kazi ya kuchosha ambayo kijana mmoja alitaka kuiruka na mzee akamrudisha. Kalafati ilitiwa mwisho kabisa, na safari hii kwa mkono mwepesi. Nilimsikia mzee akimwambia kijana, "Sikiliza nyundo. Ikianza kulia, acha."

## Matokeo

Siku tatu baada ya kurudi majini, nangani kwa saa 8: ndoo 2. Mashini kwa saa: chini ya nusu ndoo. Tanga kwa saa: ndoo 3. Baada ya wiki tatu mbao zilipokwisha kunywa, nangani ilikuwa ndoo 1 na tanga ndoo 1. Mshirika wa faiba aliuliza kwa nini si sifuri. Nahodha alimwambia jahazi lisilo na maji ngamani lipo juu ya meza kwenye duka la vinyago.

Maji ya mvua hatukuyaweza yote. Tulimwaga maji sitahani kipande kwa kipande, tukianzia chini kwenda juu ili tone lisituchanganye, na tukapata njia tatu: miguu miwili ya uzio iliyopigwa misumari bila kutiwa kitu chini, na pale mlingoti unapopita sitaha. Miguu ya uzio iliondolewa, matundu yakazibwa kwa mti na kurudishwa kwa bolti. Mlingoti tuliuvisha kola ya turubai. Inavuja bado mvua ikija na upepo. Hili wenyewe wanalidharau kwa kuwa ni maji kidogo, na mimi ndilo linalonitia wasiwasi kuliko ile ndoo 1 ya chumvi: maji baridi yakikaa kichwani mwa taruma yanaozesha mti upesi kuliko bahari.

## Nilichoona nikitazama nyuma

Kipimo kilichosaidia kuliko vyote ni cha mashini chombo kikiwa kimefungwa. Kilichukua saa moja, hakikugharimu ila dizeli, na kilitenganisha kazi yangu na kazi ya mzee. Kabla ya hapo tungeweza kubishana mpaka kaskazi.

Kosa la gharama halikuwa kalafati yenyewe. Lilikuwa kumwita fundi na dawa tayari mdomoni. Wenyewe walisema "tia kalafati" badala ya "chombo kinavuja," na fundi mwenye adabu zake akafanya alichotumwa. Nami nilikaribia kuwafanyia vivyo hivyo: niliitwa kwa shafti, ningetengeneza shafti, ningelipwa, na jahazi lingeendelea kuingiza ndoo 11 kila linapotweka tanga.

Jingine ni langu. Waya wa pampu ulikuwa umelala ndani ya maji ya ngama na ganda lake limechubuka. Umeme unaovuja majini unakula chuma, na misumari ya karibu yake ilikuwa mibaya kuliko ya omo. Niliuona siku ya kwanza, nikauinua, nikasahau kuupiga picha na kuandika, kwa hiyo siwezi kusema ulichangia kiasi gani. Sasa pampu imewekwa kihesabio kidogo kinachoongeza namba kila inapowaka, na baharia anaiandika kila asubuhi pamoja na ndoo.

Daftari bado linaandikwa. Mwezi uliopita baharia yule alinitumia picha ya ukurasa: "Ndoo 2. Maji baridi." Wiki ile haikunyesha hata tone. Nilimwambia afungue kifuniko cha feuli (mahali pa kuwekea vitu chomboni) aangalie tangi la maji ya kunywa, na mpira wake ulikuwa umechomoka kwenye klipu.